Neno Nililoliruka

Mkitafuta wa kumlaumu, msiende mbali.
Msipande ndege, msivuke bahari.
Niulizeni mimi, mkazi wa Barabara ya Nane, Ngamiani,
niliyesimama katikati siku ile
sikio moja kwa mgeni, moja kwa wenyeji,
na mdomo ukiwa wa Mheshimiwa.

Korona ilizimwa tangu alfajiri
ili mgeni asiumwe kichwa.
Sijapata kusikia shamba likinyamaza vile:
singa nyeupe zimelala kwenye kamba,
maji ya mkonge yananuka mtaroni,
na watu mia tatu wameketi juu ya marobota
wakingoja kuambiwa wao ni nani sasa.

Mgeni alisema: miaka tisini na tisa.
Mimi nikasema: miaka kadhaa.
Alisema: pamoja na mto, na vilivyo chini ya udongo.
Nikasema: pamoja na huduma ya maji.
Mheshimiwa akatikisa kichwa kukubali,
taratibu, kama mtu anayeonja pilau.
Asilimia kumi ilikuwa yake,
kwa jina la mama mkwe, kikongwe wa Maramba
asiyejua hata kampuni ni mnyama gani.

Hapo akasimama Sharifa binti Likwata,
mfunga matita, vidole vimetobolewa na miiba.
Hakupaza sauti. Aliuliza:
"Tunapangisha au tunauza?
Na makaburi yetu, kule ng'ambo ya reli,
yamo kwenye karatasi hiyo?"

Nikamgeukia mgeni.
Kiingereza changu kizuri; nilisomeshwa kwa kodi
ya hawa hawa walioketi juu ya marobota.
Nikamwambia: mama huyu anakushukuru,
anasema karibuni sana.
Mgeni akaweka mkono kifuani, akainama,
akasema "asante", Kiswahili chake chote.
Sharifa akaketi.
Akadhani amejibiwa.

Kalamu ya kutia sahihi, mgeni aliiazima kwangu.
Hakuirudisha.

Babu yangu alikuja hapa manamba, kutoka Songea.
Kipande chake ninacho, kimekunjwa ndani ya msahafu:
vyumba thelathini, siku thelathini,
na kimoja kisichotiwa wino, siku aliyougua.
Alipoambiwa shamba sasa ni letu
alikwenda akaushika mkonge mmoja, ukamchoma,
akacheka: "Hata ukiwa wangu, haunijui."

Jioni, Raskazone, bahasha.
Laki nne. "Nauli yako ya kurudi."
Kurudi wapi? Kwangu ni mwendo wa baiskeli.
Nikanunua mabati ya msauzi, mekundu,
jirani wakaja kuyatazama.
Mvua za vuli zikianza hayalali:
usiku kucha yanarudia swali la Sharifa
na mimi chini yake, macho makavu, nasikiliza.

Mto una uzio sasa. Reli wameing'oa,
na ng'ambo yake greda limepita mara mbili.
Mheshimiwa naye alipita, bila kupingwa.
Siku ya kushukuru wapiga kura
aliwalaani mabeberu saa nzima, jasho likimtiririka;
tukapiga makofi.
Mimi nilipiga kuliko wote.

Sharifa anauza vitumbua Barabara ya Kumi.
Juzi, akivigeuza kwa kijiti, hata hakuniangalia,
akaniuliza:
"Hivi yule mgeni alinijibu nini?"

Nikazungumzia bei ya mafuta ya kupikia.
Nikampa elfu tano kwa vitumbua vinne
na kuanza kuondoka.

"We baba, chenji yako!"
Akaihesabu mbele yangu, akairudia,
noti kwa noti, sarafu kwa sarafu,
kwa sauti, nisikie.
Hakuruka hata moja.